Kosa la nani? Lugha za kompyuta zina la kujifunza kwa wanakili wa Lamu

Neno ‘kosa’ lina silabi mbili tu, lakini limebeba mizigo miwili inayovutana. Mtu akisema “nimekosa mashua”, hajamdhulumu mtu; mashua imeng’oa nanga kabla hajafika gatini. Akisema “nimekukosea”, anakiri hatia na anaomba radhi. Mzizi ni ule ule, ila katika kauli ya kwanza kuna upungufu na katika ya pili kuna lawama. Sisi wazungumzaji hatubabaiki, kwa sababu tunamwona msemaji usoni, tunamsikia sauti, na viambishi navyo vinatusaidia. Sasa chukua neno hilo hilo, livue viambishi vyake vyote, liandike peke yake juu ya skrini ya kompyuta mbele ya kijana wa miaka kumi na mitano. Atalisomaje?

Swali hili nimeletewa na msomaji wa safu hii, mwalimu wa somo la kompyuta katika kisiwa cha Pate. Anaeleza kwamba ameanza kuwafundisha vijana kwa kutumia Nuru, lugha ya programu iliyobuniwa Tanzania ambayo maneno yake ya msingi ni ya Kiswahili: andika, kama, sivyo, wakati, rudisha, kweli, sikweli, tupu. Vijana wanaifurahia. Lakini programu inapogoma, ujumbe unaotokea huanza na neno ‘Kosa’. Wale wapya, asema, huondoa mikono kwenye kibodi kama waliogusa jiko, kisha humuuliza: “Mwalimu, nimeharibu?” Naye anataka kujua kama Kiswahili hakina neno jingine.

Maneno yapo, tena mengi. Lakini naona swali lake ni kubwa kuliko msamiati, na hatutalijibu vyema tukikimbilia kamusi kwanza.

Wengi wetu hudhani lugha ya kompyuta ni orodha ya amri: hesabu hiki, andika kile, rudia mara kumi. Hiyo ni nusu ya habari. Nusu ya pili, ambayo ndiyo huwakosesha wabunifu wake usingizi, ni namna lugha inavyoshughulikia mambo yanapokwenda mrama. Faili inayotafutwa haipo. Mtandao umekatika. Mtu ameandika jina lake pahali pa umri. Hapo mbunifu hana budi kujibu maswali matatu: Nani aambiwe? Aambiwe kwa njia gani? Na je, ataruhusiwa kujifanya hakusikia? Ubora wa lugha ya kompyuta, kwa maoni yangu, hupimwa kwa majibu ya maswali haya kuliko kwa wepesi wa amri zake.

Na maswali haya hayakuzaliwa na kompyuta. Funguvisiwa la Lamu lilikuwa likiyajibu kabla ya umeme kujulikana. Lamu, Pate na Siyu zilikuwa karakana za vitabu vya mkono. Tenzi, vitabu vya dini na nyaraka za biashara zilinakiliwa hapo kwa kalamu ya mwanzi, na kila nakala ilizaa nakala nyingine. Utendi wa Tambuka, uliotungwa na Mwengo wa Athumani kwa ajili ya jumba la kifalme la Pate, una nakala ya mwaka 1728 na una zaidi ya beti 1,000. Hebu fikiri: beti elfu moja na ushei, mkono wa binadamu, taa ya mafuta. Nani angedai kwamba hatakosea? Wanakili wenyewe hawakudai. Walichukulia kwamba makosa yatatokea, wakayatengea mahali.

Tuanze na umbo la utenzi lenyewe. Ubeti una vipande vinne, kila kipande mizani 8. Vipande vitatu vya mwanzo hushiriki kina kimoja. Cha nne hubeba kina ambacho hakibadiliki tangu ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Sisi walimu wa fasihi huwafunza wanafunzi kwamba hayo ni mapambo na muziki. Ni kweli, lakini pia ni ulinzi. Mnakili akidondosha silabi moja, mizani inabaki 7 na sikio linagutuka. Akibadilisha neno la mwisho wa ubeti, kina kinapiga ukelele. Wahandisi wa kompyuta wana mbinu inayofanana na hii: hupeleka ujumbe pamoja na hesabu yake, ili mpokeaji ahesabu upya aone kama kuna kilichopotea njiani. Mshairi wa Pate aliitia hesabu hiyo ndani ya ujumbe wenyewe.

Upo ulinzi mwingine, ambao ulikuwa desturi ya vitabu vya hati za Kiarabu kote vilikoandikwa. Chini ya ukurasa mnakili huandika neno ambalo ukurasa unaofuata utaanza nalo. Karatasi ikichomoka au zikichanganyika, msomaji anajua papo hapo: neno hili halikutani na lile. Tena, anapogundua kwamba ameruka maneno, hayafuti kwa siri. Huyaandika pambizoni na kuyatia alama ya neno la Kiarabu lenye maana ya “ni sahihi”. Kosa linabaki likionekana, na marekebisho yake yanaonekana. Anayetaka kujionea jinsi pambizo za vitabu vya kale zilivyofanya kazi anaweza kutazama miswada ya Msikiti wa Riyadha mjini Lamu, ambayo imepigwa picha za kidijitali chini ya mpango wa Maktaba ya Uingereza wa kuhifadhi kumbukumbu zilizo hatarini.

Mwisho ni tamati. Katika tenzi nyingi mtunzi hufunga kwa kujitaja, kuomba dua, na kisha kumwambia msomaji mjuzi: ukiona palipopotoka, panyoshe, wala usinilaumu. Tumezoea kuisoma sehemu hii kama unyenyekevu tu. Mimi naisoma kama mkataba. Mtunzi ametangaza waziwazi kwamba kazi yake yaweza kuwa na dosari, ametaja nani ana ruhusa ya kuirekebisha, na ametenganisha kosa na aibu. Yale maswali matatu niliyoyataja yote yamejibiwa hapo, katika beti chache.

Haina maana kwamba mfumo huu haukuwa na ufa. Ulikuwa nao, na ufa huo ndio utakaotusaidia kuzielewa lugha za kompyuta. Kiswahili cha kale kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu ambazo kwa desturi hazikutenganisha /p/ na /b/. Maneno ‘pata’ na ‘bata’ yaliandikwa sawasawa. Irabu /i/ na /e/ zilitumia alama moja, hali kadhalika /u/ na /o/. Msomaji akisoma ‘bata’ badala ya ‘pata’, hakuna kengele itakayolia: mizani ni ile ile, vina ni vile vile, kauli inapita. Mnakili wa Mombasa naye akikuta neno la Kiamu ‘nti’ akaliandika ‘nchi’ kwa lahaja yake, mizani haimshtaki, labda neno liwe limekaa penye kina. Hili ndilo kosa baya kuliko yote, kosa lililovaa nguo za usahihi. Katika karne ya 20 wataalamu wa Mombasa, miongoni mwao Sheikh Yahya Ali Omar, walifanya kazi ya kutukuka ya kupendekeza herufi na alama za kutenganisha sauti hizi. Waliliona tatizo lilipo: ishara moja isibebe maana mbili.

Tatizo hilo hilo limo katika lugha ya C, ambayo ni mama wa lugha nyingi za leo. Fankisheni ya C ya kusoma herufi kutoka kwenye faili hurudisha namba. Ikishindwa, au faili ikiisha, nayo hurudisha namba, kwa kawaida -1. Jibu na kushindwa vimevaa kanzu moja. Mwandishi wa programu asipokumbuka kukagua, ataichukua ile -1 na kuendelea na safari kana kwamba amepokea herufi. Ndiyo ‘pata’ na ‘bata’ hiyo. Tena kuna lile jambo ambalo Nuru inaliita ‘tupu’: thamani inayosimama pahali pa kitu ambacho hakipo. Tony Hoare, mwanasayansi wa kompyuta wa Uingereza, aliingiza rejeo tupu katika lugha ya ALGOL W mwaka 1965 kwa sababu lilikuwa jepesi kutekeleza. Mwaka 2009, akihutubia mkutano mjini London, aliliita kosa lake la dola bilioni moja. Hakuwa akitania. Programu nyingi mno zimeanguka kwa kudhani mkononi mna kitu kumbe mna hewa.

Wabunifu waliofuata wakasema, basi, kosa lisirudi kimyakimya kupitia mlango wa jibu, lipigiwe ukelele. Fankisheni inapokwama huacha kazi na kurusha ishara juu, na yeyote aliye juu yake aidake. Hapa lawama na jibu vimetenganishwa, na hiyo ni hatua kubwa. Lakini ukelele una shida yake. Mtu akipiga ukelele Faza, nani Lamu atausikia? Asipokuwepo wa kuidaka ishara, mfumo mzima husimama.

Hayo ndiyo yaliyoikuta roketi ya Ulaya, Ariane 5, iliyorushwa kutoka Kourou, Guyana ya Ufaransa, tarehe 4 Juni 1996. Programu ya kifaa chake cha kupima mwelekeo iliandikwa kwa Ada, lugha iliyosanifiwa kwa ajili ya Wizara ya Ulinzi ya Marekani na inayosifika kwa usalama. Programu hiyo ilirithiwa kutoka Ariane 4, iliyokuwa na mwendo tofauti. Namba iliyotunzwa katika biti 64 ikalazimishwa kuingia katika nafasi ya biti 16, ikawa kubwa kupita nafasi. Ada ikafanya kama ilivyofundishwa, ikapiga ukelele, lakini pahali hapo hapakuwa na mtu aliyewekwa wa kuudaka. Kompyuta ikajizima. Ile ya akiba, iliyokuwa na programu ile ile, ilikuwa imeshajizima sehemu ndogo ya sekunde kabla. Na hapa ndipo penye uchungu: data za kueleza hitilafu zikapelekwa kwa kompyuta kuu, nayo ikazisoma kama data za safari. Ikageuza roketi kurekebisha mkengeuko ambao haukuwepo. Yapata sekunde 40 tangu kuanza safari, chombo kikavunjika angani. Hesabu iliyozua balaa hilo haikuwa hata na kazi tena baada ya roketi kupaa.

Nauliza wasomaji: kati ya makosa yote hayo, ni lipi lililoimaliza roketi? Namba kubwa ilikuwa mwanzo tu. Kilichomaliza ni taarifa ya kushindwa kusomwa kama jibu. ‘Bata’ imesomwa ‘pata’.

Java, iliyotolewa kwa umma mwaka 1995, ilijaribu njia ya tamati. Fankisheni inatakiwa kutangaza kichwani mwake aina fulani za mambo yanayoweza kuiharibia kazi, na anayeiita analazimika ama kuyashughulikia au kuyatangaza naye kwa walio juu yake. Ukiniuliza mimi, huo ni utaratibu wa kiungwana. Kwa nini basi wengi waliuchukia? Kwa sababu sheria ikizidi uzito, watu hujifunza kuikwepa. Waandishi waliochoka walikuwa wakidaka ishara na kuacha pahali pa kushughulikia patupu. Programu inaendelea, kila kitu chaonekana shwari, na ndani kidonda kinaoza. Waswahili wana neno la watu wa namna hii: mficha maradhi, kifo humuumbua.

Lugha mpya zaidi zimerudi kwenye njia ya kurudisha, lakini kwa adabu mpya. Go, iliyotangazwa na kampuni ya Google mwaka 2009, hurudisha vitu viwili bega kwa bega: jibu, na nafasi ya kosa. Kila baada ya kuita fankisheni, mwandishi hukagua: je, kuna kosa? Wengi hulalamika kwamba sharti hilo hujaza programu kwa mistari mitatu ile ile inayojirudia. Sioni ubaya. Kina cha mwisho cha utenzi hujirudia mara elfu na hakuna anayeuita utenzi mbovu kwa sababu hiyo. Kujirudia kwake ndiko kunakoushikilia. Lawama yangu kwa Go ni nyingine: humwacha mwandishi kupuuza akitaka. Rust, ambayo toleo lake la 1.0 lilitoka mwaka 2015, imekaza zaidi. Jibu na kosa hufungwa katika bahasha moja yenye alama inayosema ndani mna nini, na huwezi kulitumia jibu bila kusema utafanyaje endapo mna kosa. Hata ukiamua “potelea mbali, programu isimame”, umelisema kwa maandishi, na atakayekuja nyuma yako ataliona. Naona hapa, kwa mbali, ile pambizo ya mnakili.

Turudi sasa kwenye Kiswahili, maana hapa ndipo nina hofu. Kazi ya kukipa Kiswahili istilahi za kompyuta si ngeni. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice tangu mwaka 2004. Tatizo ni kwamba mara nyingi tunatafsiri neno bila kutafsiri mpango uliolizaa. Chukua maneno ambayo lugha nyingi za kompyuta hutumia kwa ile ishara ya ukelele, yenye maana ya kurusha na kudaka. Nimeona mapendekezo ya ‘kutupa’ na ‘kukamata’. Jamani! Kinachotupwa kwa Kiswahili ni taka. Ukimwambia mwanafunzi ‘tupa kosa’, umemfundisha hasa kile ambacho hapaswi kufanya. Na anayekamatwa ni mwizi. Kitu kinachoelekezwa kwa mwenzako ili akipokee hurushwa, naye hukidaka, kama nazi kutoka kwa mkwezi. ‘Rusha’ na ‘daka’ ni jozi inayoeleza kazi. ‘Tupa’ na ‘kamata’ zinaipotosha.

Baya zaidi ni kulimwaga neno ‘kosa’ kila pahali. Kiswahili kimejaliwa ngazi za maana ambazo mhandisi angezionea wivu. ‘Kosa’ lina mtendaji: kuna aliyekosea. ‘Hitilafu’, lenye asili ya Kiarabu yenye maana ya kutofautiana, husemwa kwa mitambo: hitilafu ya umeme, hitilafu ya injini. Hakuna anayemuuliza fundi kwa nini umemkosea umeme. ‘Kasoro’ ni upungufu unaopimika; ndiyo iliyomo katika ‘saa nne kasorobo’, ikisema kilichopungua na kiasi chake. Halafu kuna ‘ila’. Neno hili ni maneno mawili ya Kiarabu yaliyokutana bandarini kwetu yakawa na umbo moja. La kwanza lina maana ya dosari au ugonjwa. Ndilo tunalolisikia katika methali ‘kizuri hakikosi ila’. La pili lina maana ya ‘isipokuwa’. Wahandisi wana dhana inayounganisha haya mawili barabara: jambo lisilo la kawaida, lililotarajiwa, ambalo fankisheni inalitangaza mapema. “Nitakusomea faili hii, ila kama haipo.” Kwa miaka tumetafuta istilahi ndefu za dhana hiyo, na neno la silabi mbili limetukalia mlangoni.

Pendekezo langu kwa mwalimu wa Pate, na kupitia kwake kwa wabunifu wa Nuru na wa lugha nyingine zitakazofuata, ni hili. ‘Kosa’ libaki kwa kile ambacho mwandishi wa programu amekiandika vibaya na anaweza kukirekebisha mwenyewe: mabano hayakufungwa, neno halifahamiki. Hapo lawama ni halali na ina manufaa. ‘Hitilafu’ itumike mtambo au mtandao unapogoma. ‘Kasoro’ itumike kinachohitajika kinapopungua: salio halitoshi, fomu haijajazwa nambari ya simu, na ujumbe useme kilichopungua ni nini. ‘Ila’ iwe kwa yale yaliyotangazwa mapema. Nuru inastahili pongezi kwa kutaja mstari ambapo tatizo limetokea. Hiyo ni nusu ya safari. Ikitenganisha na aina ya tatizo, itakuwa imefanya jambo ambalo lugha nyingi kubwa za Kiingereza hazijalifanya vizuri, kwa sababu Kiingereza chenyewe hakiwapi wabunifu wake ngazi hizi kwa wepesi.

Mwenzangu wa idara ya sayansi ya kompyuta, niliyemsomea hoja hizi, alinicheka kidogo. “Profesa, maneno ni rangi ya ukuta. Nyumba ni mpango.” Nakubaliana naye nusu. Neno zuri halitaziba ufa wa mpango mbovu. Ukiita ‘ila’ kitu ambacho lugha inakiruhusu kupita kimyakimya, hujasaidia mtu. Lakini mpango husomwa kupitia maneno. Anayefundishwa kwamba kila kinachokwama ni kosa hujifunza kuficha, na anayejifunza kuficha ndiye atakayeacha pahali pa kushughulikia patupu siku atakapoandika programu ya hospitali au ya benki.

Lazima pia niseme mahali ambapo mfano wa wanakili unafika kikomo. Tamati ya utenzi ilimwambia msomaji mjuzi. Muhammad Kijuma wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945, alinakili miswada mingi kwa ajili ya wataalamu wa Ulaya kama Alice Werner na William Hichens, na waliokuwa na swali waliweza kumwandikia. Mtu anayekutana na ujumbe wa kompyuta leo mara nyingi si mjuzi, na hana wa kumwandikia. Jamaa yangu mmoja wa Lamu alipeleka maombi ya karo ya mwanawe kupitia mtandao wa taasisi ambayo sitaitaja. Kila alipobonyeza, aliambiwa: kuna kosa, jaribu tena. Alijaribu tena siku tatu, akibadilisha jina, akibadilisha tarehe, akiamini kosa ni lake. Siku ya mwisho ikapita. Baadaye ilibainika kwamba mtambo wao ndio uliokuwa umezidiwa na wingi wa maombi. Angeandikiwa ‘hitilafu’, na kwamba hana la kurekebisha upande wake, angepanda mashua akapeleka karatasi kwa mkono.

Kwa hiyo ujumbe wowote wa kushindwa, uwe wa Nuru, wa benki au wa serikali, ujibu mambo matatu kwa Kiswahili cha kueleweka: nini kimetokea, nani anaweza kukirekebisha, na aliye mbele ya skrini afanye nini sasa hivi. Ukikosa la pili, lawama huangukia aliye dhaifu.

Mabaharia wa Lamu wanalijua hili bila shahada. Hakuna jahazi la mbao lisilopenyeza maji. Fundi hukalafati nyufa kadiri awezavyo, kisha chini ya chombo huacha ngama, pahali ambapo maji yaliyopenya yatakusanyika, na nahodha humtaja mtu wa kuyafua. Maji yakionekana ngamani hakuna anayeuliza nani amekosea. Anachukua upo.

Wahariri wa kamusi, walimu na waandishi wa programu wanaweza kukaa meza moja na kukubaliana juu ya maneno haya manne mapema, kabla mazoea hayajakomaa. Tayari kuna vijana wanaoandika programu kwa Kiswahili. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na ukuta wa istilahi, tunavyojua sisi tuliowahi kuzipinga zilizokwisha kuzoeleka, ni mgumu kuubomoa.